Neno Ambalo Halikusomwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walikuwa na mchezo wao. Walimzunguka msichana mmoja mwembamba, mwenye kidevu kilichochongoka, wakaanza kumhoji.

"Kamera! Jana mwalimu wa hesabu alivaa nini?"

"Shati la bluu la mistari. Kifungo cha pili kutoka juu kimekatika."

"Na mwalimu mkuu?"

"Koti la kahawia. Soksi hazilingani, moja nyeusi, moja ya kijivu."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna mwingine aliyekumbuka soksi za mwalimu mkuu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpinga. Jina la Kamera walimpa wenyewe tangu darasa la nne, na yeye alilipokea kama nguo mpya. Hata nyumbani, mama yake, aliyekuwa fundi cherehani, akipoteza mkasi alimwuliza yeye kwanza.

Jumanne moja yenye mawingu mazito, mchezo haukuchezwa. Hadubini ya shule ilikuwa imepotea. Kile chombo cha kuonea vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu kilikuwa kimoja tu, na shule ilikuwa imekisubiri miaka miwili. Kabati lilikutwa wazi, hadubini haipo.

"Nani alipita karibu na chumba cha sayansi jana jioni?" mwalimu mkuu aliuliza mbele ya shule nzima.

Mkono mmoja ukanyooka. Ulikuwa wa Kamera, nani mwingine?

Walimwingiza ofisini. Mwalimu mkuu aliuliza, mwalimu wa sayansi akaandika.

"Nilimwona Mama Pacha kwenye veranda," alisema Kamera. Mama Pacha ndiye aliyekuwa mfagizi wa shule. Wanawe mapacha, msichana na mvulana, walisoma darasa la pili hapo hapo. "Alikuwa na mfuko."

"Ahaa, mfuko. Alikuwa anatoka chumba cha sayansi?"

Kamera alifumba macho. Aliiona veranda, akauona mlango, akamwona Mama Pacha. "Ndiyo, mwalimu."

"Mfuko ulikuwa mzito, sivyo?"

"Ndiyo. Ulimwelemea upande mmoja."

"Alionekana kuwa na wasiwasi?"

"Aligeuka nyuma mara mbili."

Alhamisi alipoulizwa tena mbele ya kamati ya shule, mfuko ule ulikuwa tayari na kitu chenye pembe ndani yake. Kamera hakukusudia kudanganya. Kila alipofumba macho, aliyaona hayo yote, tena wazi kuliko mara ya kwanza.

Mama Pacha aliitwa. Alisimama katikati ya ofisi na gauni lake la kazi, mikono imelowa.

"Ndani ya mfuko mlikuwa na nguo zangu za kazi, nazipeleka nyumbani kufua," alisema. Kisha akamgeukia msichana. "Mwanangu, hebu niangalie. Wewe uliniona mimi nikitoka chumba cha sayansi?"

"Nilikuona, mama."

Mwanamke yule akafukuzwa kazi papo hapo. Aliweka funguo mezani, moja moja, akatoka.

Ijumaa mapacha walikuja shuleni. Saa nne walizungukwa uwanjani na kuimbiwa "watoto wa mwizi" mpaka yule wa kiume akajikojolea. Jumatatu hawakuja. Wiki hiyo hiyo Kamera alimwona mama yao pembeni mwa barabara kuu, amekaa juu ya gunia, anaponda kokoto kwa nyundo. Mapacha walikuwa wanazikusanya kwa mikono. Kamera alivuka akapita upande wa pili. Alijiambia hana kosa, alichosema ndicho alichokiona. Hata hivyo kuanzia kesho yake alikwenda shule kwa njia nyingine.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za watu. Mama mdogo, aliyekuwa akisomea ualimu chuoni na kuishi nao, alikuwa amejaza madaftari mezani. Alikuwa na mtihani wa saikolojia, na usoni hakuonyesha kuufurahia.

"Njoo unisaidie, Kamera wangu. Kitendawili!"

"Tega."

"Nina sanduku, nimezaliwa nalo, natembea nalo, na ndani yake sijawahi kuchungulia."

Kamera aliwaza. "Tumbo?"

"Tumbo la nani linaitwa sanduku? Kichwa, mwanangu! Haya, sasa tulichungulie. Nitakusomea maneno. Ukimaliza kusikiliza, uniambie yote unayokumbuka." Akasoma polepole: "Kitanda. Mto. Shuka. Godoro. Ndoto. Miayo. Blanketi. Kukoroma. Uchovu. Chandarua. Giza. Kuamka."

Akamwacha kidogo, akamwuliza habari za shule, kisha akamwambia aseme.

"Kitanda, mto, shuka, ndoto, usingizi, blanketi, kukoroma, giza, chandarua, miayo..."

"Usingizi nimelisoma?"

"Umelisoma. Katikati pale."

"Una uhakika?"

"Mama mdogo, nimekusikia kwa masikio yangu! Naisikia hata sauti yako ikilitamka."

Mama mdogo akamsogezea karatasi. Kamera alipitisha kidole juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Usingizi halikuwepo.

"Umelifuta," alisema.

"Kwa wino? Na mimi pia mwalimu alinikamata hivyo hivyo. Darasa zima tulibishana naye." Mama mdogo alicheka peke yake. "Zamani wataalamu walimwambia mtu ajitazame mwenyewe, aseme kinachopita akilini mwake. Kila mmoja akaja na lake. Wengine wakachoka, wakasema basi, akili ni sanduku lililofungwa, tusilizungumze. Tupime kinachoingia na kinachotoka. Panya akibonyeza kitufe akapata chakula, andika hilo tu. Miaka mingi ikapita hivyo. Zilipokuja kompyuta, watu wakaona mashine inapokea habari, inazitunza, inazichambua, inazitoa. Wakaulizana, mbona ya mashine tunayajadili na ya mtu tumeyafungia? Ndipo wakarudi kwenye sanduku."

"Wanalifunguaje?"

"Kwa vijaribio kama hiki. Makosa yetu ndiyo dirisha. Wakaona kwamba macho hupokea mengi, lakini umakini hubeba machache tu. Na kumbukumbu si picha iliyowekwa kwenye bahasha. Kila ukiikumbuka, unaijenga upya. Ikikuta pengo, inaziba kwa kitu kinachofanana, na kiraka chenyewe hukioni. Hata swali la mtu laweza kuwa kiraka."

Cherehani ilinyamaza. Mama alikuwa amegeuka, anamtazama binti yake, kwa maana Kamera alikuwa ameshika tama.

"Mama," alisema, "ni mwalimu mkuu aliyesema mfuko mzito. Si mimi. Mimi nilisema mfuko tu."

Akafumba macho, akajaribu kutoa kila kilicholetwa na swali. Uzito ukaondoka. Kugeuka nyuma kukaondoka. Mlango, je, ulikuwa wazi? Mama Pacha alikuwa anatoka, au anapita? Alibaki na mwanamke kwenye veranda, na mfuko. Basi.

"Nikisema hivyo sasa, wataniita mwongo."

"Watakuita," mama alisema. Hakujaribu kulipunguza neno hilo. "Jumatatu nitakwenda nawe mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe."

Jumatatu mwalimu mkuu alimsikiliza huku uso ukimkunjamana.

"Kwa hiyo ulitudanganya?"

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa na uhakika. Lakini uhakika nilikuwa nao hata kwa nisichokiona. Nilimwona kwenye veranda na mfuko. Mengine sijui."

"Hujui! Mtu amefukuzwa kazi, leo unaniambia hujui?"

"Mwalimu, naomba usome yale yaliyoandikwa siku ile. Soma na maswali."

Mwalimu wa sayansi alileta daftari. Alikuwa ameandika kila kitu, swali na jibu. Mwalimu mkuu alisoma ukurasa, akarudi juu, akasoma tena. Kidole chake kilisimama kwenye maneno yake mwenyewe: mzito, sivyo? Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nenda darasani," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Hili si lako peke yako."

Kamati ilikaa mara mbili. Ushahidi mwingine juu ya Mama Pacha haukuwepo. Kabati halikuwa na kufuli, na veranda ile hupitwa na kila mtu. Mwalimu mkuu aliomba radhi mbele ya shule nzima, na Kamera akasimama kando yake akasema la kwake. Nyuma mtu alipaza sauti, "Kamera imeharibika!" Uwanja ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena habari za shati wala soksi.

Hadubini haikupatikana. Mama Pacha alirudi kazini baada ya siku kumi na saba, vidole vimefungwa vitambaa kwa sababu ya nyundo. Wapo walimu walioendelea kufunga droo zao akiingia. Kamera alimkuta anapiga deki ngazi za ofisi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba." Mama Pacha alikamua dekio taratibu. "Msamaha utakuja, mwanangu. Leo bado haujafika, nisikudanganye."

Kamera aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye ngazi iliyokwisha kusafishwa.

"Usinililie hapa, nitaanza upya kazi," mwanamke alisema, na sauti yake ikalegea kidogo. "Sikiliza. Wengi walikosea, na wakubwa waliokosea hawajafika hapa ulipofika. Lakini kesho ukiulizwa tena, sema ulichokiona, kisha nyamaza. Wakitaka zaidi, waambie hujui, hata kama wote wamekutolea macho. Ungesema 'sijui' siku ile, wanangu wasingekosa shule. Kuwa mkweli ni pamoja na kusema ukweli wako unaishia wapi."

"Nimesikia, mama."

"Basi nenda. Na wale wanangu wawili, wamesharudi darasani; ukiwakuta wamekaa peke yao saa nne, kaa nao."

Saa nne aliwakuta wamekaa ukutani, wamegeuzia uwanja mgongo. Aliwasalimu, hawakumjibu. Alikaa hivyo hivyo. Siku ya pili walikuwa bado ni watatu tu, na siku ya tatu pia, ila siku hiyo yule wa kike alisogea kidogo, akampa nafasi kivulini.