Maziwa ya Manjano

Kisa hiki nilisimuliwa na Viola mwenyewe, Jumamosi moja baada ya Pasaka mwaka huu, tukichambua kunde uani. Ana miaka kumi na miwili. Alipofika katikati ya maneno, mikono yake iliacha kuchambua.

Asubuhi aliyozaliwa mdogo wake, kule mtaani Munuki, Viola alifagia ua, akajaza jerikani kwenye gari la maji, akawasha mkaa. Chai ilikuwa haijachemka mama yake alipojifungua chumbani, kabla ya kupata usafiri. Aliyempokea mtoto ni shangazi Caroline.

Mtoto alilia, akitafuta titi. Caroline akamzuia.

"Haya ya manjano ni machafu, wifi. Yamekaa ndani miezi tisa." Akayakamua, akayamwaga chini. "Ya bit, we msichana, koroga maji ya sukari! Atanyonya kesho kutwa, maziwa meupe yakija."

Viola akakoroga. Mtoto alipewa kwa kijiko, akanyamaza. Lakini damu ya mama haikukoma. Ililowesha kitenge cha kwanza, ikalowesha cha pili. Midomo yake ikapauka, na akiitwa anachelewa kuitika. Hapo Caroline akatoka mbio kutafuta raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu.

Njiani kwenda kliniki, wote wakiwa ndani, alimbana Viola mkono. "Sista akiuliza, sema mtoto amenyonya. La sivyo atatutukana mbele za watu. Umesikia?"

"Ndiyo, shangazi."

Kliniki, mkunga Zilpah, Mkenya, hakungoja salamu. Alimchoma mama sindano, akaanza kumsugua tumbo kwa nguvu. "Mji wa mimba umelegea. Mtoto amenyonya?"

"Mara tatu," alijibu Caroline.

Viola alimtazama mama yake. Macho yalikuwa nusu wazi, hayamtazami mtu.

"Hapana, sista! Hajanyonya hata kidogo. Tulimpa maji ya sukari. Mimi ndiye niliyekoroga."

"Mdomo kama redio!" Caroline alifoka.

"Mwache. Nipe mtoto."

Zilpah akamlaza mtoto kwenye kifua kitupu cha mama yake. Mtoto akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Mkono wa mkunga uliendelea kusugua. Baada ya muda mrefu akashusha pumzi. "Tumbo linakaza. Damu inapungua."

Kisha akamgeukia Viola. "Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unatoa homoni. Inasukuma maziwa, na inakaza mji wa mimba ili damu ikome. Sindano yangu ina homoni hiyo hiyo, lakini sindano iko huku, na mtoto yuko nyumbani tangu dakika ya kwanza. Anyonye kabla saa moja haijapita. Hayo ya manjano ndiyo kinga yake. Na damu ikizidi, msikae nayo nyumbani. Muuguzi akiuliza, mwambieni lililotokea, hata likiwaaibisha. Uongo ule ungenipotezea dakika, na mama yako hakuwa na dakika za kupoteza."

Caroline alikuwa ameketi sakafuni. "Sista," alisema polepole, "na wangu wawili? Hawakumaliza mwezi. Yao pia niliyamwaga."

Zilpah alichuchumaa kando yake. "Siwezi kujua kilichowachukua, dada. Hukuambiwa. Sasa umeambiwa, waambie na wenzako Munuki."

Mtoto alilala akiwa bado na titi mdomoni. Mama naye akalala, mkunga akimpima mapigo kila mara. Viola alilala kwenye benchi, kichwa mapajani mwa shangazi yake. Caroline alikaa macho mpaka alasiri, akihesabu pumzi za mtoto, kisha na yeye akalala.