Nafasi ya Kidole Gumba

Jumamosi mchana, dukani kwa Shangazi hapakuwa na hata pa kuweka mguu, na hilo ni jambo la kuchekesha kwa duka la viatu. Kituo cha mabasi kilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Kila basi lililoshusha abiria lilishusha na wawili watatu waliokumbuka palepale kwamba raba zao zimechoka.

Katikati ya vurugu hiyo alikuwa Kidoti, binti wa kaka yake Shangazi, amevaa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, na kijiko cha kuvalia viatu kikining'inia kiunoni. Jina hilo alipewa kwa ajili ya alama nyeusi chini ya jicho la kushoto, na wateja wengine walidai wanafuata alama hiyo kuliko viatu. Alikuwa anamfunga mtoto kamba alipomwona mwanamume mmoja mrefu, shati la kaki lenye mifuko kila upande, tope kavu kwenye pindo za suruali, amebeba raba nyeupe pepe zenye mistari ya dhahabu.

"Hizo ni za kwendea harusini, kaka," alimwambia.

"Mimi nataka za kukimbilia milimani."

"Basi zirudishe kabla hazijalia. Hizo jiwe zinalolijua ni vigae."

Mwanamume akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko duka. Kidoti akajikuta anacheka naye kabla hajaamua kucheka.

"Haya, nipe zinazonifaa."

Kidoti akashusha jozi nyeusi kutoka rafu ya juu, akaipindua. "Tazama meno ya soli. Ni marefu na yameachana, kwa hiyo tope haligandi. Hapa mbele pana mpira mgumu, ukigonga jiwe, jiwe ndilo litalia. Mshono mara mbili. Sasa ikunje. Siyo hapo! Hapa, vidole vinapokunjikia. Umeona? Kiatu kinachokunjika katikati kama gazeti kitakuangusha njiani. Na kitambaa hiki kikilowa kinatoa maji, hutembei na kidimbwi mguuni. Wewe kazi yako nini?"

"Mpima ardhi. Nashinda kwenye miamba na vigingi. Halafu kuna mbio za mlimani zinakuja, na wenzangu ofisini wameapa sitafika mwisho."

"Vua viatu nikupime."

Mpima ardhi akaangalia miguu yake kama mtu aliyeambiwa avue suruali. "Hakuna haja, dada. Mimi arobaini na mbili tangu shule."

"Mguu wa shule uliuacha shule. Na mchana huu ndio wakati mzuri, mguu umeshavimba kidogo, unasema ukweli."

"Arobaini na mbili. Hakuna neno."

"Jamani! Anapima viwanja vya watu, yeye anaogopa kupimwa!"

Duka zima likacheka. Mwanamume naye alicheka, lakini alipokaa kwenye kigoda aligeukia ukutani, akajivalisha mwenyewe, amejikunyata kama anayekula chakula cha wizi.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Alimpa seremala kazi ya kutengeneza ubao wa mteremko, akaupaka gundi na kuumwagia kokoto, akauegemeza kwenye mlango wa stoo. Raba ya mlimani haikutoka dukani mle kabla mnunuzi hajashuka nayo ubao ule.

"Panda," alisema Kidoti. "Sasa shuka, jiachie. Kwenye mteremko ndipo vidole vinapojulikana vimelala wapi. Mbele ya kidole kirefu lazima ibaki nafasi ya kidole gumba changu. Vinagusa?"

Mpima ardhi akashuka. Uso wake ukakunjamana kidogo, kisha akamtazama binti yule aliyepiga magoti chini ya ubao, kidole gumba tayari, macho yameng'aa kwa kazi yake.

"Hakuna neno," alisema. "Kama nimezaliwa nazo."

Kidoti alinyoosha mkono abonyeze ncha ya kiatu, lakini jamaa alikwisharuka pembeni, anaulizia bei.

Siku chache baadaye alirudi kununua kamba. Akarudi kununua soksi. Akarudi kwa kamba nyingine, za rangi ileile.

"Huyu mtu ana miguu mingapi?" Shangazi aliuliza. "Maana jongoo mwenyewe angekuwa ametosheka."

Mara ya nne hakununua kitu, aliomba namba ya simu. Akapewa bila kupunguziwa wala kuongezewa.

Tangu hapo simu ya Kidoti haikuwa na raha. Ilimlilia asubuhi, ikamlilia mchana mpima ardhi akiwa juu ya kilima, upepo ukivuma kwenye spika.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Juu ya jabali. Nakuona kutoka huku."

"Mwongo wewe. Nimevaa nini?"

"Tabasamu."

"Ondoka huko! Viatu vinaendaje?"

"Vinapeta, kipenzi. Hakuna neno."

Maneno hayo mawili yalikuwa yakimchoma Kidoti kidogo, kama uzi uliosahaulika kwenye kola. Alikuwa na kovu lake. Mchumba wake wa kwanza alikuwa bingwa wa "hakuna neno". Kachelewa, hakuna neno. Simu imezimwa, hakuna neno. Hadi Kidoti alipokuja kusikia kwa watu baki kwamba bwana yule ana mke na mtoto mji mwingine. Tangu hapo aliapa kwamba hatampenda tena mtu asiyesema.

Alimweleza mpima ardhi yote haya Jumapili moja, wamekaa kwenye benchi la bustani ya manispaa, yeye na kitambaa chake cha njano kichwani, mwenzake na shati lililopigwa pasi kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Likikuuma, sema. Hata likiwa dogo. Mimi siogopi linalouma, naogopa lililofichwa."

"Nitasema," mpima ardhi akajibu, na taratibu akarudisha miguu yake chini ya benchi.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa fupi zaidi kwa kuwa alikuwa anachechemea. Siku Kidoti alipoalikwa kujulishwa kwa dada yake mpima ardhi, alifika mapema kuliko ahadi, na zawadi yake mkononi. Dada mtu akamfungulia mlango kwa vigelegele. "Karibu wifi! Kaa hapa, huyo mtu wako yuko uani, ametumbukiza miguu kwenye beseni la chumvi kama kawaida."

"Kama kawaida?"

"Hujui? Kila jioni! Tangu anunue yale maraba yake, nani sijui aliyemuuzia."

Kidoti alikwishafika uani. Mpima ardhi akainuka haraka, maji yakamwagika, na miguu yote miwili ikaonekana peupe. Kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi tii. Ukucha wa kidole cha pili, mguu wa kulia, haukuwepo kabisa.

"Zinabana," alisema Kidoti. Haikuwa swali.

"Kwenye mteremko tu. Kidogo tu. Nikipanda ha..."

"Ole wako uniambie hakuna neno!"

Dada mtu, aliyekuwa amewafuata, akakumbuka kwamba ana kitu jikoni.

"Nimekuuliza kila siku," Kidoti alisema. "Kila siku, kwa mdomo wangu. Viatu vinaendaje? Vinapeta! Kucha inang'oka, wewe unaniambia vinapeta!"

"Sikutaka ujione umekosea. Ulikuwa na furaha siku ile, mpenzi. Ningesemaje?"

"Mimi sikukosea! Wewe ulinidanganya. Kama unaweza kunichekea usoni na kucha imeng'oka, siku ukiwa na jambo kubwa nitalijulia wapi? Kwa watu tena?"

Alimwachia dada mtu zawadi yake mezani, akamuaga kwa adabu zote, akatoka. Barabarani alilia bila kujificha.

Simu iliita, hakuipokea. Iliita tena. Aliigeuza kifudifudi juu ya kaunta, ikawa inatetemeka peke yake kati ya makopo ya rangi ya viatu.

"Mficha uchi hazai," Shangazi alisema, huku akipanga maboksi, "na mficha kidole hakimbii. Hilo nakubali. Lakini wewe mtoto, yule wa kwanza alificha mke. Huyu kaficha ukucha. Usiwatie kapu moja."

"Kuficha ni kuficha, Shangazi."

"Haya. Pokea basi simu umwambie hivyo, maana inanitikisia kaunta."

Kidoti hakupokea. Ila usiku alipolala alikiona kile kidole kisicho na ukucha, akakionea huruma, kisha akajikasirikia kwa kukionea huruma. Alimpenda mtu yule. Hapo ndipo palipokuwa na taabu yote.

Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa limefurika kama kawaida. Mpima ardhi akaingia na ndala, raba nyeusi zimening'inia shingoni kwa kamba zake, na mkononi soksi moja ya kijivu. Akapita katikati ya watu, "samahani mama, samahani mzee," hadi kwenye kigoda. Safari hii hakugeukia ukutani. Alikaa akitazama duka zima, akaivaa ile soksi, akanyoosha mguu.

Kidole gumba kizima kilichungulia nje kwenye tundu.

"Ni hii," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Siku ile nilivaa hii. Umekuja mzuri vile unaniambia nivue viatu, nikaona bora nife. Ndiyo sababu nilikataa kupimwa. Halafu kwenye ubao vidole viligonga, nikaona nikisema utanivua, na tundu utaliona. Nikasema hakuna neno. Baada ya hapo kila siku ilizidi kuwa vigumu kusema. Basi. Uongo wangu wote umeanzia kwenye tundu hili. Mwingine sina."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Maskini!" Mzee aliyekuwa anajaribu makubadhi akacheka hadi akakohoa.

Kidoti alisimama na kijiko chake mkononi. Alitaka kubaki na hasira, lakini kidole kile kilikuwa kinamtazama.

"Juzi umeniambia hukutaka nijione nimekosea."

"Hilo nalo lilikuwa kweli. Ila lilikuwa la pili. La kwanza ni soksi."

Hapo Kidoti akaamini. Mtu anayetunga uongo hutunga wa kumpamba, hatungi wa soksi iliyotoboka. Akapiga magoti, akavuta ubao wa kupimia, akaweka ule mguu juu yake kwa mikono miwili, polepole, asiguse kucha.

"Arobaini na nne," alisema. "Arobaini na nne, wewe mwanamume! Ulikuwa unautesa mguu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Mwombe msamaha mguu. Mimi nitafikiria."

Akaleta jozi nyingine, meno yaleyale, mshono uleule, na soksi nzito mpya. Akamvalisha mwenyewe. Mpima ardhi akapanda ubao, akashuka.

"Vinagusa?"

"Mbele safi. Ila..." akasita, akamtazama. "Kisigino cha kushoto kinapwaya. Na hii kamba inanikata hapa juu. Na soksi hii inawasha."

Kidoti hakuwahi kufurahia mteja mlalamishi namna ile. Alilegeza kamba ya juu, akaipitisha kwenye tundu la mwisho karibu na kifundo ili kisigino kikamatwe, huku anatabasamu peke yake. "Endelea," alisema. "Nini kingine?"

"Nimekukosa hadi chakula hakipiti."

"Hilo siyo la kiatu," Shangazi akaingilia kutoka kaunta. "Kuna wateja huku!"

Mbio zilikimbiwa asubuhi yenye ukungu, njia imejaa mawe na mizizi na vijito. Kidoti alisubiri chini ya mlima, kwenye utepe wa mwisho, amevaa koti jekundu ili aonekane kwa mbali. Wa kwanza walipita, wakafuata wengi, na katikati ya wengi hao akatokea mpima ardhi, tope hadi magotini, anashuka mteremko kwa miguu yake yote miwili bila kuchechemea. Alivuka utepe na hakusimama hadi alipomfikia.

"Sema," Kidoti alimwambia, amemshika mashavu.

"Goti linauma. Mbavu zinauma. Nina kiu. Vidole," akahema, "vidole, wallahi, hakuna... Vidole vizima."

Kisha akapekua mfuko mdogo wa kaptula yake, akatoa pete iliyofungwa kwenye kipande cha plastiki isilowe. Hakupiga magoti kwa madaha, magoti yenyewe yalimwishia nguvu. "Nimekimbia nayo huko kote," alisema. "Nikubalie, nikuoe. Linalouma nitakwambia hadi uchoke kusikia."

Kidoti alinyoosha mkono, macho yamejaa machozi. Pete ikaingia, ikafika kwenye kifundo cha kidole, ikagoma. Mpima ardhi akaisukuma kwa upole, ikapita kwa shida, na kidole kikaanza kuwa chekundu.

"Inakubana?" aliuliza, na uso wake ulikuwa na matumaini kiasi kwamba Kidoti aliyasikia yale maneno mawili yakimpanda yeye mwenyewe, hadi ncha ya ulimi, tayari kutoka: hakuna neno. Yalikuja kwa mapenzi matupu, bila hila yoyote. Akamtazama mtu wake pale chini kwenye tope, na kinyongo kilichokuwa kimebaki kikamtoka chote.

"Inabana," alisema. "Inabana sana, mpenzi wangu, na kidole kinaniuma."

"Nilikadiria kwa macho."

"Wewe na kupima!"

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni ndiyo." Alimwinua kwa mkono ule ule wenye pete. "Inuka tutafute sabuni tuivue, halafu twende tukaibadilishe kabla hawajafunga duka."