Nywila ya Baba Queen

Ijumaa, saa tano asubuhi. Chumba cha nyuma cha kinyozi, Lisekese.

Bwanali alifunga mlango kwa komeo. Genge lilikuwa lake, na hakupenda maswali.

"Saa saba wanaoswali wako msikitini, wengine wako kwa mama ntilie. Mimi na Dorika tunaingia ofisini, tunatoa kibali cha kusafirisha mzigo kwenye kompyuta ya meneja. Gasper anapakia korosho kwenye lori ghalani, anashuka nazo Mtwara. Nywila?"

"Wameleta sheria mpya," alisema Dorika, karani wa ushirika wenye ghala hilo. "Kila mwezi lazima ibadilishwe. Meneja wetu, Baba Queen, anaweka majina ya wanawe, mmoja mmoja. Ofisi nzima inajua. Sasa ni zamu ya Ethel, kitinda mimba."

Gasper, mdogo wake Dorika, alimtupia dada yake jicho. Wote wawili walijua kwamba huyo Baba Queen, Ladislaus kwa jina lake, alikuwa na mtoto mwingine. Safari. Alimzaa na Dorika, akamkana mbele ya wazee, na mtoto alipozidiwa akawanyima gari la kumfikisha hospitali ya Ndanda. Alifia njiani. Dorika hakutaka korosho. Alitaka kumwona yule mtu katiwa pingu.

Saa saba na robo. Ofisini, Masasi.

Ethel. Ikakataa. Dorika akarudi mwanzo: Queen. Ikakataa.

"Imebaki mara moja tu, inajifunga," Bwanali alinong'ona, jasho likimtoka. "Tuondoke."

Dorika aliandika Safari.

Ikakubali. Halafu kioo kikasema: Muda wa nywila hii umekwisha. Weka mpya.

Moyo ulimwaka. Msibani hakutia mguu, mshenzi yule, kumbe jina alilijua! Kalitumia mwezi mzima, na leo angelitupa achukue jingine. Dorika akaweka mpya, akachapisha kibali. Bwanali akakinyakua, akakimbilia ghalani.

Dorika hakumfuata. Lori likifika Mtwara, Ladislaus angesema kaibiwa. Likikamatwa na kibali chake, mwizi ni yeye. Na hakuna awezaye kubadili nywila bila kuijua ya zamani. Akitaka kujitetea kwamba kuna aliyeikisia, itabidi alitamke jina la mwanawe mbele ya hakimu.

Akapiga simu polisi.

Saa nane kasorobo simu yake ikaita.

"Dada, wametuzingira getini! Bwanali kapigwa risasi ya mguu. Nani katuchoma?"

"Mimi. Waambie Ladislaus ndiye aliyewatuma."

 Nyuma ya Gasper askari walikuwa wakifoka.

"Hata mimi, dada? Siku ile ya Ndanda pikipiki niliendesha mimi. Safari alikata roho ameniegemea mgongoni."

"Najua, mdogo wangu," Dorika alisema, akakata simu.