Kitambaa Kwenye Kiti cha Mbele

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha mazingaombwe, na ndiye aliyenichosha kwa wimbo wake mmoja: usichague mchezo unaoupenda wewe, chagua wanaoupenda watazamaji. Ni rahisi kusema ukiwa umestaafu, umejikalia kwenye kochi. Mimi napenda kupoteza vitu. Yai, saa, pete ya bwana harusi. Vidole vyangu vimesota sana kuijua kazi hiyo.

Jioni ile niliitwa kwenye nyumba moja, nikaambiwa ni siku ya kuzaliwa ya mtoto. Nilifika jua likizama. Sebuleni viti vimepangwa, keki iko mezani, hewa inanuka mshumaa... na hakuna mtoto hata mmoja. Alikuwepo mama mwenye nyumba tu.

Nikadhani wageni wamechelewa. Nikaanza. Nikalipoteza yai. Hakupiga makofi. Nikaipoteza saa.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "humu ndani vimeshapotea vya kutosha. Nirudishie."

Ndipo nikaiona picha ya msichana mdogo ukutani, na mshumaa ukiwaka chini yake. Mtoto niliyekuja kumfurahisha alishazikwa.

Ningefunga begi langu niondoke. Lakini wimbo wa kaka ulikuwa umenikaa kichwani, na yule mama alinitia huruma. Nilikuwa nacho kitambaa cheusi kilichoshonewa duara la waya kwa ndani. Ukikitandaza juu ya kiti, mtu anaona kama kuna kichwa chini yake. Ni mchezo wa kitoto, siupendi hata kidogo. Nikakifunika kiti cha mbele, nikamwambia aliite jina la mwanawe.

Akaliita.

Waya wangu hauna mabega.

Mabega yakajitokeza... kisha magoti. Kitambaa kikaanza kupanda na kushuka, taratibu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebuleni. Nikanyoosha mkono nikifunue.

Kikavutwa kutoka ndani.

Mama alipiga magoti, akaupapasa ule uso uliofunikwa. Akaupapasa tena. Mikono yake ikasimama.

"Huyu si mwanangu," akanong'ona.

Nikashika upindo wa kitambaa. Akanikamata mkono.

"Usimfunue."

"Mama, huyu ni nani?"

"Sijui. Lakini amekuja."

Kisha akanipigia makofi, polepole, machozi yakimtiririka. Sijawahi kuchukia makofi kama yale.

Niliondoka bila kitambaa changu. Kaka sisemi naye tena. Majirani wa yule mama wanasifu kwamba amepona, kwamba sasa anacheka na kuimba humo ndani. Muuza viatu wa mtaani kwao anasema ni mteja wake mzuri, ila kila akija anataka namba kubwa kuliko ya mara iliyopita. Juzi aliondoka mikono mitupu. Duka zima halikuwa na kiatu cha kumtosha mwanawe.