Taa Isiyosema Masalkheri

Jioni moja nilikamatwa nikiibembeleza taa.

Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda, gizani, kikoi kimefungwa ovyo. "Waka, mama," niliiambia. "Waka, mpenzi. Ukiwaka nitakununulia kashata."

Taa ilikaa kimya.

Nyuma yangu sauti ndogo ikauliza, "Mjomba, unaongea na nani?"

"Na taa."

"Imekujibu?"

"Bado."

Aliyeuliza alikuwa Mwantumu. Ana miaka sita. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na jipya moja linachungulia.

Mimi ni mjomba wake, Kombo. Nimepika melini miaka ishirini. Nimefika Muscat. Nimefika Mumbai. Nimefika mji mmoja wa baridi ambako masharubu yangu yaligeuka barafu.

Lakini sikujua kwa nini taa ile haiwaki. Mwantumu alijua.

Ngoja nianzie mwanzo.

Nyumba yetu iko Tanga, barabara ya kumi na mbili. Anakaa Bibi, ambaye ndiye mama yangu. Anakaa Mwantumu na mama yake. Mama yake ni muuguzi, na jioni huwa kazini.

Katika nyumba ile, jioni haiingii hivi hivi. Lazima taa iwashwe. Na anayewasha taa ndiye anayesalimia wa kwanza.

Hiyo ilikuwa kazi ya Mwantumu.

Jua likizama, aliburuta kigoda. Kwaruu, kwaruu. Alipanda. Alinyoosha mkono. Alinyoosha na kidole.

Tak!

"Masalkheri, Bibi."

"Masalkheri, mjukuu wangu. Umetuletea mwanga."

Kila jioni Mwantumu aliwasha. Kila jioni Bibi alijibu hivyo hivyo. Na kila jioni Mwantumu alishuka kwenye kigoda akiwa mrefu kidogo kuliko alivyopanda.

Sasa, Bibi alikuwa na shida moja. Korido yetu ni nyeusi kama ndani ya chungu. Siku moja alijikwaa. Puu! Kidole gumba kikavimba kama kitunguu.

Nilipopata habari nikiwa melini, nilinunua taa za kisasa mbili. Taa hizi zinasikiliza simu. Ukiiambia simu, simu inaiambia taa, na taa inawaka yenyewe.

Nikaja nazo nyumbani, kifua mbele.

Nikapanda kigoda. Nikazungusha taa moja sebuleni. Kwiri, kwiri, kwiri. Nikazungusha nyingine kwenye korido. Kwiri, kwiri, kwiri.

Nikabonyeza simu. Tii, tii. Taa zikapepesa. Pepe, pepe, pepe.

"Zinatusalimia?" Mwantumu aliuliza.

"Zinatafuta mtandao," nikasema.

Kisha nikaziandikia saa ya kuwaka. Sisi tunawasha taa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikaandika kumi na mbili na nusu.

Kesho yake taa zikawaka mchana. Jua kali, Bibi anapepeta mchele uani.

Nilisahau kwamba simu yangu inahesabu saa kwa mtindo wa wageni. Kumi na mbili yake ni saa sita yetu.

Bibi aliziangalia taa. Akaniangalia mimi. "Kombo, taa zako zimechelewa au zimewahi?"

Nikarekebisha haraka.

Jioni ikafika. Mwantumu akaburuta kigoda. Kwaruu, kwaruu. Akapanda. Akanyoosha mkono. Akanyoosha na kidole.

Wuuu.

Taa ikawaka yenyewe, polepole, kama mtu anayefumbua macho.

Hakukuwa na tak.

"Mashaallah," Bibi akasema. "Taa ina akili kuliko watu wengine ninaowajua."

Mwantumu alibaki juu ya kigoda, kidole hewani. Hakuna aliyemtazama. Bibi alikuwa anaitazama taa.

Wivu ukamkaa tumboni. Kuru, kuru, kuru.

Jioni ya pili Mwantumu akaamua kuiwahi. Alikimbia kutoka uani, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

Wuuu. Taa ikamshinda.

"Haisahau," Bibi alimwambia jirani yetu dirishani. "Hailalamiki. Haivunji vikombe."

Mwantumu alikuwa amevunja kikombe Jumanne. Kimoja tu.

Kuru, kuru, kuru.

Jioni ya tatu hakukimbia. Alikaa chini ya taa, akainua kidevu. "Wewe," aliiambia. "Shuka hapo juu."

Taa haikushuka.

"Huna hata miguu," Mwantumu akasema. Kisha akaipa mgongo mpaka chakula kikaiva.

Mimi je, sikuona? Sikuona. Nilikuwa nasifiwa. Nilizila sifa za mama yangu kama maandazi ya moto, moja baada ya jingine, na sikumbakizia mtu.

Siku ya nne, jua likiwa bado juu, Mwantumu alikibeba kigoda. Hakukiburuta. Alikibeba, ili kisilie.

Akaenda kwenye swichi ya sebuleni. Tak.

Akaenda kwenye swichi ya korido. Tak.

Akarudisha kigoda mahali pake, akakaa juu yake, mikono mapajani, mpole kama paka aliyekunywa maziwa ya watu.

Jua likazama. Tukangoja.

Hakukuwa na wuuu.

"Kombo," Bibi akaita gizani. "Mwenye akili wako amelala?"

Nikatazama simu. Simu ikaandika: Taa haipatikani.

Nikaizima simu, nikaiwasha. Taa haipatikani.

Nikahamisha kisanduku cha mtandao. Nikakiweka dirishani, nikakiweka juu ya kabati, nikakiweka kichwani. Taa haipatikani.

Nikaenda kwa jirani kuuliza kama umeme umekatika. Kwake kunang'aa. Nikarudi na aibu na kipande cha muhogo.

Swichi sikuitazama. Mtu aliyefika Mumbai hatazami swichi.

Ndipo nikachukua kigoda. Ndipo nikapanda. Ndipo nikaanza kubembeleza, na hapo ndipo Mwantumu aliponikamata.

"Imekujibu?"

"Bado."

Mwantumu akaficha kidole chake mgongoni.

Tukasikia Bibi anainuka. "Nakwenda kuchukua mshumaa jikoni," akasema. Ndara zake zikaingia korido. Shwa, shwa, shwa.

Puu!

"Yalaa," Bibi akasema. "Kidole kile kile."

Mwantumu akakimbia. Hakuogopa giza. Aliufuata ukuta kwa mkono, akampata Bibi, akamshika kiuno kwa nguvu zote za mtu wa miaka sita.

Kisha akalia.

"Mimi nimezizima," akasema. "Nimezizima zote mbili. Ukutani."

Nikapapasa ukuta. Nikaipata swichi.

Tak!

Taa ikapepesa, ikawaka. Sebule nzima ikaniona nilivyo, juu ya kigoda, simu mkononi, muhogo mdomoni.

Unajua, swichi ya ukutani ni mlango wa umeme. Ukiufunga, taa haipati chakula. Na taa yenye njaa haisikii simu, hata ukiiita mpenzi.

Nikashuka. Nikaenda kuwasha na ya korido. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, kidole juu, Mwantumu ubavuni pake.

"Kwa nini umezizima?" nikauliza.

Mwantumu akafuta pua. "Inanichukulia Bibi."

Nikakaa sakafuni mimi nami.

Bibi akauliza, "Mwantumu, siku ile taa ilipowaka yenyewe, nani alinipa masalkheri?"

Mwantumu akafikiri. "Hakuna."

"Na jioni ya pili?"

"Hakuna."

"Na jana?"

"Hakuna, Bibi."

"Siku tatu nakaa kwenye mwanga kama niko stesheni," Bibi akasema. "Nikadhani umenichoka. Nikasema labda mjukuu wangu amekua, hataki tena mambo ya wazee."

"Sijakuchoka," Mwantumu akasema. "Ilikuwa inaniwahi."

Bibi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akanigeukia. "Kombo, taa yako haina adabu. Inaingia nyumbani kwangu bila salamu."

"Mama, naweza kuifundisha iseme masalkheri. Kuna namna."

"Sitaki kusalimiwa na balbu."

Nikaenda kupekua begi langu. Chini kabisa, chini ya soksi za mji wa baridi, nikapata vitu viwili vilivyokuja na zile taa. Nilivitupa humo kwa sababu maelezo yake yalikuwa marefu.

Safari hii nikayasoma. Yote. Mwantumu alinishikia karatasi.

Kitu cha kwanza kilikuwa jicho dogo linaloona miguu ikipita. Tukalibandika korido, chini karibu na sakafu. Bibi akipita, taa inawaka. Kidole gumba kikapata mlinzi.

Kitu cha pili kilikuwa kitufe cheupe, cha duara, kidogo kama kitumbua. Hakina waya. Unakibandika unapotaka.

"Kikae wapi?" nikamuuliza Mwantumu.

Akasimama wima ukutani. Akaweka kidole usawa wa pua yake. "Hapa."

Tukakibandika hapo. Simu ikakitambulisha kitufe kwa taa. Tii, tii. Taa ikapepesa mara mbili. Wakajuana.

Nikaifuta ile saa ya kuwaka yenyewe sebuleni. Na juu ya swichi za zamani tukabandika karatasi, Mwantumu akachora mkono mwekundu: usiguse. Mkono una vidole saba, lakini umeeleweka.

Jioni ya tano ikafika. Jua likazama. Sebule ikawa kijivu, ikawa bluu, ikawa nyeusi.

Taa ikangoja.

Bibi akangoja.

Mimi nikangoja, mikono nimeikalia ili nisibonyeze kitu.

Mwantumu akaja kutoka uani, polepole. Hakuhitaji kigoda. Akanyoosha kidole.

Tik!

Wuuu.

"Masalkheri, Bibi."

"Masalkheri, mjukuu wangu. Umetuletea mwanga."

Mwantumu akaitazama taa muda mrefu. "Na wewe, masalkheri," akaiambia. Kisha akamnong'oneza Bibi, "Haijui kujibu. Lakini inajitahidi."

Akasikiliza tumboni. Hakuna kuru. Kulikuwa na wali na samaki tu, nao hawana kelele.

Saa tatu macho yake yakaanza kujifunga. Akaenda kwenye kitufe. Ukikibonyeza mara mbili, taa inafifia taratibu.

Tik, tik.

"Alamsiki, Bibi."

"Binuru, mwanangu."

Akalala kwa Bibi, chumba cha pembeni, mlango wazi. Mimi nikajinyoosha kwenye mkeka wangu sebuleni, chini ya taa yangu ya kisasa.

Nyumba ikatulia.

Hapo nikasikia kitu tumboni mwangu. Kuru, kuru, kuru.

Unajua, zamani mwasha taa nilikuwa mimi. Ilikuwa taa ya mafuta, ya chemli, nami nilisafisha kioo chake kwa karatasi. Nilipokwenda melini, kazi ikaenda kwa dada yangu, kisha kwa Mwantumu. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza.

Nikakohoa. "Mama."

"Nini, Kombo?"

"Kati yangu na Mwantumu, nani alikuwa anawasha taa vizuri zaidi?"

Kitanda kikalia. Bibi alikuwa anageuka upande.

"Kombo," akasema, "una miaka hamsini na mbili. Lala."