Vuta Mpaka Mwisho

Kila Jumanne baada ya masomo, Eldrid alibeba tarumbeta lake mgongoni na kupanda kilima cha Kvernbakken kwenda mazoezini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Katika bendi ya shule alipiga sauti ya pili, ile ambayo watu hawaisikii mpaka siku inapokosekana.

Ilipofika Oktoba, mazoezi yalisimama kwa sababu ya soko la bendi. Wazazi walizunguka na magari mtaa kwa mtaa wakikusanya vitu ambavyo watu hawakuvihitaji tena: viti, vikombe, taa, viatu vya kuteleza kwenye theluji. Ukumbi wa michezo ulijaa mpaka chini ya vikapu vya mpira. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Mapato yote yalikwenda kwenye bendi, na safari hii watoto waliahidiwa kusafiri kwa meli kwenda kupiga muziki Denmark. Ndiyo maana watu wa mji walinunua bila maswali mengi. Kukipekuapekua kitu cha soko la bendi kulionekana kama kuwashuku watoto.

Eldrid alipangiwa upande wa samani, chini ya baba mzazi wa rafiki yake Vetle. Jina lake lilikuwa Oddleif, lakini watoto wote walimwita Baba Vetle. Alikuwa mtu wa maneno matamu na mikono mikubwa, na wiki nzima alikuwa ameshinda ukumbini akibeba makabati.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya soko kufunguliwa, Eldrid alikiona kitanda cha mtoto kati ya makabati mawili. Kilikuwa cheupe, kimepakwa rangi mpya, na kilikuwa cha kuvuta. Mtoto anapozaliwa kinakuwa kifupi kama kikapu. Anapokua, unavuta upande wa miguuni, unaongeza kipande cha godoro, na kitanda kinarefuka naye mpaka aende shule.

Hicho ndicho hasa mama yake Eldrid alichokuwa akikitafuta. Mama yake alikuwa na ujauzito wa miezi saba, na nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu. Kwa wiki kadhaa mama alikuwa akisema, "Nataka kitanda kimoja kitakachokua na mtoto. Sina mahali pa kuweka kidogo leo na kikubwa kesho."

"Baba Vetle, tafadhali tuwekee hiki!" Eldrid aliomba.

"Wafanyakazi huchagua kwanza," Baba Vetle alisema huku akikipigapiga kitanda begani kama rafiki. "Waite wazazi wako."

Wazazi walikuja kabla taa hazijazimwa. Baba yake Eldrid, Trygve, alikipenda kitanda palepale. Mama alipitisha vidole kati ya fito za pembeni kuona kama kichwa cha mtoto kingeweza kupenya. Alikitikisa. Kisha akasema, "Tukivute."

"Hakuna nafasi hapa," alisema Baba Vetle. "Lakini kinavutika, usiwe na wasiwasi."

"Nafasi itapatikana."

"Mama naye!" Baba Vetle alicheka. "Unanunua kitanda au unanunua meli?"

"Meli ningeikagua kidogo tu," mama alijibu. "Mimi najua kuogelea. Mtoto hajui."

Walisukuma kabati moja kando. Mama alishika upande wa kichwani, Eldrid akavuta upande wa miguuni. Kitanda kilirefuka vizuri kwa kiasi cha mkono mmoja. Halafu kikalia *kwaa*, upande wa miguuni ukachomoka wote, na mbao za chini zikamwangukia Eldrid kwenye muundi.

Chini ya rangi mpya, reli ya mbao iliyopaswa kushikilia nusu mbili za kitanda ilikuwa imepasuka na kugandishwa kwa gundi. Kigingi cha kuizuia isichomoke hakikuwepo kabisa.

Baba Vetle aliurudisha upande ule mahali pake haraka. "Kikiwa kifupi kimetulia tuli," alisema. "Kitoto kichanga kinahitaji urefu wa nini?"

"Hapana, asante," mama alisema.

Nyuma ya makabati waliona kingine, cha kijani kibichi kama chura. Kilikuwa na michubuko kila mahali na alama za meno ya mtoto aliyekilalia zamani. Mama alikivuta mpaka mwisho. Kilisimama imara. Baba alikikalia kwa nguvu na hakikulalamika.

"Kibaya kama nini!" Eldrid alinung'unika huku akisugua muundi.

"Rangi tutapaka," mama alisema. "Hiki ndicho chetu."

Eldrid alidhani habari ya kitanda cheupe imeishia pale.

Jumamosi asubuhi milango ilifunguliwa na watu wakaingia kwa kasi kana kwamba ndani kulikuwa na moto wa kuota. Harufu ya kahawa na ya vafler, zile keki laini zinazookwa kati ya vyuma viwili, ilitanda ukumbini. Kijana mmoja na mkewe walikuja upande wa samani wakiwa wameshikana mikono. Mke aliitwa Sunniva, mume Håvard. Walikuwa wamehamia mjini majira ya joto. Tumbo la Sunniva lilikuwa kubwa kuliko la mama yake Eldrid.

"Ona, Håvard! Cha kuvuta!" Sunniva alisema. Alikuwa amesimama mbele ya kitanda cheupe.

Eldrid alishtuka. Kitanda kilikuwa kimefutwa vumbi na kuwekwa mbele kabisa, na juu yake palikaa dubu wa kitambaa.

"Kinakua na mtoto mpaka aende shule," Baba Vetle alisema kwa sauti yake tamu.

Mpaka aende shule! Eldrid aliona masikio yake yanawaka. Alimtafuta baba yake, akamkuta akipanga viti hatua chache tu kutoka pale.

"Baba, anawauzia kile kilichovunjika! Waambie."

Trygve aliwatazama wale vijana, kisha akatazama sakafu. "Sisi tumepata chetu, Eldrid."

"Na wao?"

"Watakiona wenyewe. Usilete zogo siku ya bendi. Oddleif amefanya kazi wiki nzima."

"Watakionaje? Hakitavunjika leo! Kitavunjika mtoto akiwa na miaka miwili, siku watakapokivuta. Wakati huo sisi tutakuwa tumeshasahau!"

Baba aligeukia viti vyake. Alichukua kiti kingine na kukiweka juu ya kile cha kwanza.

Eldrid alirudi. Vetle, mpiga ngoma wa bendi na rafiki yake tangu darasa la kwanza, alimzuia njiani. "Unaenda wapi, inspekta wa vitanda?"

"Nipishe, Vetle."

"Mama yako amekikataa, basi imetosha. Au hutaki kwenda Denmark?"

"Nataka kwenda Denmark. Sitaki mtoto wa mtu avunjike mgongo ili nipelekwe mimi!"

Alimsukuma kando. Håvard alikuwa tayari ameshatoa simu yake alipie. Eldrid alisimama kati yake na Baba Vetle.

"Kivuteni kwanza," alisema.

"Eldrid," Baba Vetle alisema polepole, "nenda kasaidie kwenye keki."

"Kivuteni mpaka mwisho. Jana kiliniangukia."

Watu wa karibu waligeuka. Sunniva alimtazama msichana, akamtazama mwanamume, kisha akauinamia upande wa miguuni na kuuvuta. *Kwaa.* Mbao zilianguka sakafuni na dubu akaanguka nazo kifudifudi.

"Vitu vya soko vinauzwa kama vilivyo," Baba Vetle alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Kila mtu anajua hivyo."

"Umetuambia mpaka aende shule," Sunniva alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, na kwa sababu hiyo kila mtu aliisikia. "Mimi sikukagua kwa sababu ni soko la watoto. Niliwaamini kwa sababu ya watoto."

Alimshika mumewe mkono, wakaondoka. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika taa ya mezani aliirudisha mahali pake na kuondoka pia.

"Umefurahi sasa?" Vetle alifoka, machozi yakimlengalenga. "Baba yangu anajitolea, wewe unamwaibisha mbele ya mji mzima! Msaliti!"

Eldrid alikimbilia chumba cha ala na kujifungia humo kati ya ngoma na mifuko ya sare. Alilia, lakini si kwa huzuni. Alilia kwa hasira. Kwa nini aliyesema kweli ndiye anayeitwa msaliti? Kwa nini rangi mpya iitwe kujitolea, na kuvuta kitanda kuitwe zogo?

Mlango uligongwa. "Ni mimi," baba yake alisema.

"Wewe ulijua!" Eldrid alifungua mlango na kumkabili. "Ulikiona kikianguka juu ya mguu wangu! Kama ningekuwa mimi ndiye mtoto wa kulala mle, ungepanga viti?"

Trygve alivaa kofia yake. Halafu aligeuka, akatoka nje kwenye mvua mpaka kwenye gari, na akarudi na sanduku la zana.

Eldrid alimfuata kwa mbali. Baba yake alimwendea Oddleif, ambaye alikuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa kitanda kilichoachana.

"Oddleif, tukitengeneze."

"Kitupe tu kwenye kontena la taka."

"Kontena lina kitanda kingine kilichovunjika fito. Reli zake nzima. Niliziona jana nilipokuwa nikitupa maboksi."

"Wewe nawe uliona mengi jana," Baba Vetle alisema kwa uchungu.

"Niliona," Trygve alikubali. "Nikanyamaza. Kwa hiyo tuko wawili. Shika bisibisi."

Walifanya kazi bega kwa bega. Mama aliwaletea kahawa, akakaa karibu na kuwamulika kwa simu yake. Walitoa reli iliyopasuka, wakafunga iliyo nzima, na Baba Vetle akachonga kigingi kipya kutoka kwenye mpini wa fagio. Vetle alisimama pembeni amekunja mikono. Baada ya muda alianza kuwapa skrubu, moja moja, bila kuombwa.

"Gundi uliweka wewe?" hatimaye aliuliza, akimtazama baba yake.

Baba Vetle aliacha kuchonga. "Mimi. Nilijiambia, atakayenunua atajua mwenyewe. Nikajiambia ni kwa ajili yenu. Ukisema 'ni kwa ajili ya watoto', mwanangu, unaweza kujiambia lolote."

Sunniva na Håvard hawakuwa wameenda mbali. Walikuwa kwenye meza ya keki, kwani Sunniva alihitaji kukaa. Baba Vetle aliwaendea mwenyewe, bila ile sauti tamu.

"Nilijua kimevunjika, nikawaficha," alisema. "Msichana alisema kweli. Sasa tumekitengeneza. Sikuombi ukinunue. Nakuomba uje ukivute."

Safari hii walisukuma makabati yote ukutani. Kitanda kiliwekwa katikati ya ukumbi, na Sunniva akakivuta mpaka mwisho. Kigingi kiligota *tok* na kitanda kikasimama.

"Bado sikiamini," Sunniva alisema. "Mtu mzito aingie."

"Vetle!" watu waliita.

"Mimi? Mimi si kitoto!"

"Jana ulililia keki ya mwisho," Eldrid alisema. "Ingia."

Vetle alimkazia macho. Kisha akavua viatu, akaingia, akajikunja na dubu kifuani, na kuanza kujirusha huku amenyonya kidole. Ukumbi mzima ulicheka. Kitanda hakikutikisika. Sunniva naye alicheka, akamwambia mumewe atoe simu.

Vetle alipotoka, alisimama mbele ya Eldrid akifunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lile neno nililokuita," alisema, bado ameinama. "Nirudishie."

"Limerudi," Eldrid alisema.

Jioni ile kitanda cha kijani kilikuwa kimeshaunganishwa chumbani kwa Eldrid, chini ya dirisha. Mama alikuwa ameegemea mlango. Baba alipiga magoti, akakivuta mpaka mwisho, na akakiacha hivyo kwa muda, kirefu na kitupu.

"Nataka kukuambia jambo," alisema. "Jana tulipokipata hiki, niliona kazi yangu imekwisha. Mtoto wangu yuko salama, nikafumba macho. Lakini wa Sunniva naye angelala mle usiku baada ya usiku, angekua, na uongo wetu ungekua chini yake, ukingoja siku ya kuvutwa. Kazi njema haimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Tena mtu anapokuamini kwa sababu ya wema wako, hapo ndipo unapaswa kusema kweli zaidi. Leo umenifundisha wewe, na mimi ndiye niliyepaswa kukufundisha."

Eldrid alitaka kubaki na hasira kidogo zaidi, kwa sababu alikuwa na haki nayo. Lakini alichuchumaa upande wa pili na kushika ukingo.

"Ni cha rangi ya chura kweli," alisema.

"Kesho tutapaka," mama alisema. "Baada ya kukikagua tena."

Baba na binti walikisukuma pamoja mpaka kikawa kifupi, saizi ya mtoto ambaye bado hajafika.