Mkono wa Jaji na Praima ya Baba

Kila asubuhi kaka yangu alitoka nyumbani na mkia. Mkia wenyewe ni binti yake wa miaka saba, ameshika pindo la shati la baba yake kwa vidole viwili. Watoto wengine huvushwa barabara wakiwa wameshikwa mkono. Huyu wetu hakushikika. Ukimbana kidogo tu, ngozi inatoka malengelenge na kuchubuka. Alizaliwa hivyo. Ugonjwa wake hauambukizi, ingawa wapo majirani waliomkimbia.

Tunamwita Jaji, maana hakuna jambo linalompita bila kulitolea hukumu. Chai haina sukari? Hukumu. Shangazi mtu, yaani mimi, nimechelewa kuamka? Hukumu. Lakini kwenye kiganja chake cha kulia kulikuwa na kidonda kilichokaa wazi mwaka mzima. Kwa hicho hakuwa na la kusema, na sisi pia.

Siku moja hospitali wakatuambia kuna dawa mpya inafanyiwa majaribio. Ni jeli ya kupaka kwenye kidonda mara mbili kwa wiki. Wifi yangu, mama yake Jaji, aliuliza maswali mpaka daktari akacheka. Mwishowe akaweka sahihi. Tukapewa vichupa vya kuweka kwenye friji, pamoja na karatasi ya maelekezo.

Wifi hutoka alfajiri kwenda kuoka mikate. Kwa hiyo kazi ya kupaka dawa ilimwangukia kaka yangu, ambaye ni fundi rangi. Karatasi hakuisoma yote.

"Kupaka?" alisema kwa majivuno. "Nimepaka maghorofa mimi! Nani wa kunifundisha kupaka?"

Mwezi ukapita. Kidonda kile kile. Tulirudi kliniki roho mkononi. Nesi, mama mmoja mwenye miwani, alifungua bandeji. Akapima kidonda kwa rula.

"Hakijapungua," alisema.

Wifi alishika ukingo wa meza. "Mtamtoa kwenye majaribio?"

"Daktari ndiye atakayeamua. Lakini kama dawa haimsaidii, hatuwezi kuendelea kumpa."

Mwenzangu, dawa nyingine hatukuwa nayo.

Nesi aligusa pembeni mwa kidonda, kisha akasugua vidole vya glavu yake. "Mbona panateleza? Nyumbani mnampaka vipi?"

"Kama mlivyosema," kaka akajibu haraka.

"Si kweli," Jaji akasema. "Baba anapaka praima kwanza."

"Praima?"

"Mafuta ya mgando. Baba anasema rangi haishiki ukutani bila praima."

Kaka yangu akainamia viatu vyake.

"Nilitaka dawa ishike vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Tena isimuume. Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyemnyima mwanangu dawa."

Nilikuwa nimemwandalia maneno yake, tena makali. Nilipoona machozi yanamlengalenga, nikayameza.

Lakini nesi alikuwa anatabasamu. "Afadhali tumejua! Dawa haijashindwa, baba Jaji. Dawa haijafika."

Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Sikiliza. Mwili hufanya kazi kwa kufuata maelekezo. Maelekezo hayo tunayaita jeni. Jaji alizaliwa na jeni moja yenye kosa. Ndiyo maana ngozi yake ya juu haijashikamana vizuri na ya chini. Katika jeli hii tumeweka jeni isiyo na kosa."

"Inaingiaje mwilini?" kaka akauliza.

"Haiwezi kuingia peke yake. Lazima ibebwe. Zipo dawa zinazobebwa na virusi vilivyoondolewa makali. Hii haina virusi. Jeni imefungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo mno, huvioni kwa macho."

Kaka aliinua kichwa. "Mafuta? Si ndiyo hayo hayo niliyopaka?"

Hapo hata wifi alicheka.

"La! Vitone vyetu vimetengenezwa maabara ili vibebe mzigo. Mafuta yako yamekaa mlangoni na kuzuia wageni. Ngozi nzima ni ukuta, kazi yake ni kuzuia. Ndiyo maana tunapaka penye kidonda, pasipo na ukuta. Jeli lazima iguse kidonda chenyewe, kikiwa safi."

"Kwa nini sikuuliza?" kaka alisema.

"Kuuliza si ujinga," nesi akamjibu. "Sasa uliza."

Akauliza mpaka wifi akamvuta shati. Daktari aliandika kosa lile kwenye faili, akakubali tuanze upya.

Tangu siku ile, kaka hunawa mikono, huvaa glavu, kisha husoma karatasi kwa sauti kabla ya kufungua kichupa.

"Mstari wa tatu: usipake kitu kingine chochote."

"Endelea," Jaji humwambia.

Wiki ya tatu kidonda kilianza kusinyaa pembeni. Wiki ya kumi kikafunga. Wifi aliangua kilio pale pale kliniki, kilio cha furaha. Nesi alitukumbusha kwamba ugonjwa bado upo, na kwamba huenda dawa ikahitaji kurudiwa. Ila kiganja kile sasa kinaweza kushikwa, taratibu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia mlangoni. Baba na mkia wake walifika ukingoni mwa barabara. Jaji akaachia pindo la shati.

"Baba, mkono."

Kaka yangu aliuchukua kama anayegusa ukuta wenye rangi mbichi. Akasimama tu, machozi yanamtiririka, na magari yanapita.

"Shika vizuri, baba," Jaji akasema. "Tunachelewa shule."